Sanda ya Yerusalemu

Jumatatu, 2 Baramhat, kwa miezi yetu ya Kikopti. Mwanzo wa Saumu Kubwa

Dada Ferial, aliyetufundisha kusoma sisi vikongwe kumi na mmoja kwenye chumba cha kanisa majira yote ya baridi, amesema kila mmoja aandike kidogo mpaka Pasaka ili herufi zisitoroke. Nimemwambia zangu hazitoroki, zinaniogopa. Haya. Leo nimekula maharage na kitunguu. Upepo.

Jumanne, 3

Upepo tena. Vumbi mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 5

Azer ametoka jela.

Nimeipata habari kwenye tanuri la mkate. Wanawake walikuwa wakizungumza, nilipoingia wakawa wanaukagua unga. Nikawaambia semeni, mimi si mgonjwa. Ndipo wakasema. Amerudi jana kwa mama yake, Shafiqa, na amekonda kama fimbo ya kuchungia mbuzi.

Huyu Azer ndiye aliyemuua mwanangu Wissa miaka kumi na mitano iliyopita, ukingoni mwa mfereji, kwa jembe, wakigombania zamu ya maji. Maji ya nusu saa. Mkewe Wissa akamfuata mwaka uliofuata kwa homa, nikabaki na mtoto wao, Bakhum, wa miaka sita. Sijapokea rambirambi ya mwanangu hata siku moja. Watu walikuja, nikawafungia mlango. Kwetu nyumba yenye damu isiyolipwa haipangi viti, haipiki kahawa ya msiba, haioki vileja vya sikukuu. Nimekaa hivyo, na kijiji kizima kikaniheshimu kwa hilo.

Nilipofika nyumbani nikafungua sanduku. Juu ipo kanzu ya Wissa na damu yake, sijaifua. Chini yake ipo sanda yangu mwenyewe, niliyoileta kutoka Yerusalemu nilipokwenda kuhiji, ina mihuri ya Kaburi Takatifu. Bakhum akaja akasimama mlangoni.

"Ni yeye, Bibi?"

"Ni yeye."

Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili, 8

Kanisani. Wanaume upande wao, wanawake wetu, lakini nyuma nilipo namwona Bakhum vizuri. Tulipofika kwenye sala ya Baba Yetu, watu wote mikono juu, Bakhum naye. Sauti yake haifichiki, ingekuwa ya shemasi. "Utusamehe makosa yetu," akasema. Halafu akafunga mdomo. Wenzake wakaendelea, "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea." Yeye akafungua tena mdomo kwenye "usitutie majaribuni".

Ni mimi niliyemfundisha. Alipokuwa mdogo alisimama nami upande wa wanawake, na kila kifungu kile kilipokaribia nilimfinya paja. Nilimwambia, mwanangu, sisi hapa tunanyamaza, hatumdanganyi Mungu. Niliona ni ukweli. Niliona kwamba mimi na mjukuu wangu ndio pekee tusiomdanganya Mungu katika kanisa lile.

Jumatatu, 9

Maharage.

Jumatano, 11

Kuku mmoja amekufa. Hatuli kuku wala yai wakati huu, lakini nimemlilia.

Jumapili, 15

Abuna Yassa, kasisi wetu, amekuja. Huyu nilimfunga nepi mwenyewe, sasa ana ndevu mpaka kifuani, na nikibusu mkono wake nakumbuka alivyokuwa akinikojolea. Akanywa chai bila haraka, akauliza habari za njiwa, za goti langu, za ngano. Nikamwambia Abuna, sema ulichokuja nacho, chai inapoa.

"Mama Wissa, miaka kumi na mitano unasimama nyuma ya kanisa, hupokei mwili wala damu ya Bwana. Hilo ni lako na Mungu wako. Lakini Bakhum naye, nani alimweka nyuma?"

"Abuna, wewe umewahi kuzika mtoto?"

"Hapana."

"Basi maliza chai."

Akamaliza. Alipoondoka nilifunga mlango kwa kishindo, kisha nikafungua nikaufunga tena, kwa maana mara ya kwanza hakuwa amesikia.

Jumatano, 18

Sijui nitaandikaje haya. Nitaandika polepole.

Asubuhi nilipanda mnara wa njiwa kuchota kinyesi cha kuweka shambani kwa matikiti. Bakhum siku hizi hupanda yeye kwa ajili ya goti langu, lakini leo alikuwa ametoka, na mimi sipendi kungoja mtu. Ndani ni vyungu vilivyozungushwa ukutani, kila chungu na njiwa wake. Katika chungu cha tatu mkono wangu ulikuta gunia. Nikavuta. Bunduki. Imepakwa mafuta vizuri, kwa upendo, kama mtu anavyompaka mtoto mchanga baada ya kumwosha. Na kando yake makinda mawili, bado hayajaota manyoya, yamefungua midomo yakidhani nimeleta chakula.

Nilikaa pale kwenye kinyesi.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema damu ya Wissa, damu ya Wissa. Nilimwimbia Bakhum nikimwogesha. Nilipokuwa nikimkata kucha nilimwambia vidole vyako ni vya baba yako. Wanaume wa ukoo walichoka zamani, wengine wamehamia Kairo, wengine wamekula chumvi na ukoo wa Azer kwenye arusi. Mimi sikuchoka. Na hata mara moja, naapa, sikuwahi kuona akilini mwangu Bakhum akinyanyua kitu na kumpiga mtu. Nilitaka Azer afe. Sikutaka Bakhum aue. Utasema ewe bibi, ulidhani itafanyikaje? Sijui. Mtu anaweza kuwa mpumbavu miaka kumi na mitano bila kupumzika hata siku moja.

Alhamisi, 19

Nimeitupa bunduki kwenye mfereji mkubwa. Jioni nikamwambia.

Hakukasirika. Alikuwa akimega mkate. Akasema, "Bibi, ule mfereji umejaa bunduki za mabibi. Nitapata nyingine."

Jumapili, 22. Jumapili ya Mwana Mpotevu

Nimejaribu. Baada ya kanisa nilimkalisha kwenye benchi la udongo, nikamwambia mwanangu, yale niliyokuwa nikikwambia, yaache. Mimi nilikuwa na uchungu.

"Na sasa huna?"

"Ninao."

"Basi?"

Nikamwambia habari ya roho yake. Nikamwambia ukimwaga damu utakwenda mbele za Mungu na nini mkononi? Akaniangalia kwa macho ya Wissa, akanisomea maneno yangu moja moja kama mtoto anayejibu somo. Kwamba damu haizeeki. Kwamba Mungu hapendi wanafiki. Kwamba nyumba hii haijapokea rambirambi. "Haya ni maneno ya nani, Bibi? Ya Abuna?"

Akaenda kuwalisha njiwa.

Jumanne, 24

Sijala. Si kwa saumu.

Ijumaa, 27

Joto limeanza ghafla. Upepo wa jangwani, mwekundu.

Jumapili, 29

Nimemwona Azer. Amesimama nje ya ukuta wa kanisa, kwenye kivuli, anasikiliza sala kutoka huko, anakohoa kwenye kitambaa. Haingii kwa sababu sisi tumo ndani. Nilimtazama nikingoja ile chuki ije, maana ndiyo inayonipasha joto asubuhi kabla ya chai. Ikaja. Sijui niseme nini, ilikuja kama kawaida, ikakaa mahali pake.

Bakhum naye alimwona. Njiani nikamshika mkono, nikamwuliza lini. Nilimwuliza hivyo tu, lini.

"Sifanyi ndani ya Saumu, Bibi. Hii ni mifungo mitakatifu. Pasaka ikipita."

Jibini hali. Yai hali. Mtu atamuua. Nilimfundisha dini nikamfundisha vizuri sana, akaishika yote isipokuwa Mungu.

Jumapili, 6 Baramuda, mwezi mpya

Siku ishirini na moja mpaka Pasaka. Nimekwenda kwa Abuna, nikamwambia sina la kusema kuhusu ile chai. Akasema ilikuwa chai nzuri.

Nikamweleza yote. Akasema ipo njia moja ambayo watu wa huku wanaielewa, nayo naijua. Mwuaji atembee kijijini bila viatu, kichwa wazi, amebeba sanda yake mikononi, mpaka mlangoni kwa wenye damu, aseme hii sanda, haya maisha, mkitaka nizikeni. Wenye damu wakiipokea sanda na kumbusu, damu imekwisha.

"Lakini mwenye damu ni Bakhum," akasema Abuna, "na Bakhum hatapokea."

"Mwenye damu ni mimi. Ilitoka tumboni mwangu kabla haijawa ya mtu mwingine."

"Mwanamke hajawahi kupokea sanda hapa, Mama Wissa."

"Na kikongwe hajawahi kwenda shule."

Akasema Azer na mama yake hawatakuja. Wanaogopa kupigwa risasi njiani. Itabidi mtu wanayemwogopa awaendee mwenyewe. Nikaelewa mtu huyo ni nani. Nikamwambia Abuna, niombe lolote lingine. Niambie nitembee kwa magoti mpaka Asyut. Hakuniambia lolote lingine.

Jumanne, 8

Sijaenda.

Jumatano, 9

Sijaenda. Nilifika kwenye tanuri nikarudi.

Alhamisi, 10

Nimekwenda.

Shafiqa alikuwa akipepeta dengu mlangoni. Zamani tulikuwa na tanuri moja, alinizalisha Wissa kwa mikono yake, kisha mwanawe akamtoa duniani. Aliponiona, ungo ulimponyoka.

"Umekuja kuhesabu waliobaki?" akasema. "Ni mmoja tu. Hesabu, uondoke."

"Nimekuja kunywa maji."

"Kwako yamekwisha?"

"Shafiqa, nimetembea na goti hili. Nipe maji kisha unitukane."

Akanipa. Alinitukana pia, kwa utaratibu, tangu siku niliyotemea mate kizingiti chake. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia shida yangu. Sikumwambia nimemsamehe mwanawe, kwa maana sijui kama nimemsamehe. Nilimwambia mjukuu wangu anapotea na mimi ndiye niliyempoteza, na mwanao akija na sanda nitaipokea mbele ya watu wote.

Akaanza kulia bila sauti, huku akiokota dengu chini. Akasema Azer angekuja hata leo, usiku analia akimtaja Wissa. Lakini sanda hana. "Na mimi siendi dukani kumkatia mwanangu sanda akiwa hai. Siwezi. Niue, siwezi."

Hilo nililielewa. Mama gani anaweza?

Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku. Nikaiondoa kanzu ya Wissa, nikaitoa ile ya chini. Niliifunua mara moja, nikaibusu mihuri. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikijiambia, liwe liwalo, mimi nitalala katika nguo iliyogusa kaburi la Bwana. Nilipokuwa sina kingine chochote nilikuwa na hiyo. Nikampelekea Shafiqa chini ya shela. Akaitambua kwa harufu ya uvumba, akanishika mikono yote miwili, nikamwambia usinishike, bado nina hasira na wewe.

Jumapili, 13

Imekubaliwa: Jumanne ya wiki ya mateso. Isipite hapo, kwa sababu tangu jioni ya siku hiyo mpaka Pasaka sisi hatubusiani wala hatupeani mikono, kwa ajili ya busu la Yuda. Na sulhu bila busu, watu wanasema, ni mazungumzo tu.

Nimemwambia Bakhum. Akasema, "Pokea, Bibi. Mimi sitakuwa nimepokea." Amepata bunduki nyingine. Hafichi tena mnarani.

Alhamisi, 17

Ngano imekuwa ya manjano. Hasemi nami.

Jumapili, 20. Jumapili ya Matawi

Watu wamesuka misalaba na punda kwa makuti. Zamani Bakhum alinisukia pete. Mwaka huu hakusuka kitu.

Jumanne, 22

Hakuja.

Abuna alikuwepo, wazee walikuwepo, mimi nimesimama mlangoni tangu saa tatu. Saa sita tukamwona kwenye kona, miguu mitupu, sanda mikononi, Shafiqa nyuma yake. Akasimama. Akatazama juu. Nikageuka na mimi nikatazama. Bakhum alikuwa amekaa juu ya dari letu, miguu inaning'inia, bunduki mapajani. Hakuinyanyua. Alikuwa akila mbegu za tikiti, akitema maganda.

Azer akarudi alikotoka. Nani angemlaumu?

Wazee walivaa viatu vyao. Mmoja akaniambia, Mama Wissa, ulijitahidi. Nilimwambia aende akajitahidi kufa.

Ee Mungu, ni jioni tayari. Busu limefungwa. Siku tano.

Jumatano, 23

Siombi kitu. Sijui kuomba. Nikifika kwenye kile kifungu najifinya mwenyewe.

Alhamisi, 24

Abuna ameosha miguu ya watu kwa maji yaliyobarikiwa. Bakhum alificha yake chini ya benchi.

Ijumaa Kuu, 25

Tulikuwa kanisani tangu asubuhi, bila maji. Tuliinama mara mia nne, mia kila upande wa dunia, "Bwana hurumia, Bwana hurumia." Kwenye upande wa mwisho goti langu lilikataa, nikabaki chini. Nikiwa pale chini nilisema, Bwana, mchukue huyu mtoto kwako, na mimi unitupe popote. Nilimaanisha. Sikuona nuru yoyote. Niliona miguu ya watu.

Jua likiwa bado juu ya mitende tulirudi nyumbani kufungua. Nikamimina siki, nikatoa bakuli la maharage yaliyoota, chakula cha siku hii. Bakhum akakaa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Na Azer akasimama mlangoni.

Peke yake. Miguu imepasuka kwa lami ya moto. Sanda yangu mikononi mwake, mihuri juu.

"Nimechoka kuogopa, mama," akasema. "Anipige nikiwa hapa. Afadhali hapa."

Bakhum aliinuka. Bunduki ilikuwa pembeni ya jiko, akaichukua. Alikuwa ametulia sana. "Saumu haijaisha," nikamwambia, la kwanza lililonijia. "Leo ni Ijumaa Kuu." Akasema amekuja mwenyewe, Bibi, mimi sikumwita. Na tena akasema, "Leo hakuna busu. Hakuna busu, hakuna sulhu. Sheria yenu."

Kweli. Hakuna busu. Sikuwa na kitu cha kufanya kwa mdomo wangu.

Nikachukua kipande cha mkate. Nikakichovya kwenye chumvi, nikachota maharage juu yake. Nikaenda mlangoni, na goti langu, nikiupa mgongo mtutu wa bunduki, nikamwambia Azer fungua mdomo. Hakuelewa. Nikamwambia fungua mdomo, mtoto wewe. Nikamlisha kwa mkono wangu, kama nilivyokuwa nikimlisha alipokuwa na Wissa wakicheza mavumbini, wote wawili vitumbo wazi. Akatafuna akilia, makombo yakimwangukia kifuani. Kisha nikaipokea sanda.

Nikageuka.

"Amekula mkate na chumvi ya nyumba hii," nikasema. "Sasa ukimpiga, unampiga mgeni wangu mezani pangu. Hata sisi hatujafika huko."

Bakhum akaushusha mtutu. Nilijua nimeifunga mikono tu. Moyo wa mtu haufungwi kwa maharage. Basi nikashuka chini mbele yake. Nikamwambia, "Bakhum. Ni mimi niliyekufunga mdomo. Ulikuwa mtoto, ulitaka kusali sala nzima kama wenzako, na mimi nikakufinya. Nilitaka mtu wa kuchukia pamoja nami, nikakuchukua wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Azer aliniulia mmoja. Wa pili nimemuua mimi. Kama bunduki ina kazi, ina kazi na mimi."

Aliiweka chini. Hakuiweka kwa upole, aliitupa. Akatupita sote akatoka.

Jumamosi, 26

Hajarudi.

Asubuhi tulikwenda makaburini, mimi na Shafiqa. Niliifunga kanzu ya Wissa ndani ya sanda, mihuri ikiwa upande wa damu, wanaume wakafungua kaburi wakaiweka kando yake. Mimi watanizika na shuka. Shafiqa alisema atanishonea nyingine. Nikamwambia anashona vibaya, na ni kweli.

Pasaka, 27

Kristo amefufuka. Hajarudi. Nilibusu watu wote kanisani, hata Azer, shavu lake ni mfupa. Nilikwenda mpaka mbele, nikapokea, baada ya miaka kumi na mitano. Nilitafuna nikitazama upande wa wanaume.

Jumatatu, 28

Leo watu wanakwenda kando ya maji na samaki wa chumvi na vitunguu. Jana kanisani, mbele ya watu, nilimwambia Abuna leo nitapokea rambirambi ya Wissa. Akauliza kesho, siku ya furaha? Nikasema mimi sina siku nyingi za kuchagua.

Nilipoamka kutoka kitandani nilisikia vitu vinaburutwa uani. Nikatoka. Bakhum alikuwa akipanga viti vya kanisa, safu mbili, zinatazamana, kama inavyotakiwa. Ana majani ya ngano kwenye nywele, alilala mashambani. Hakunisalimu. Nikauliza ni vingapi. Akasema, "Vya kutosha."

Nikapika kahawa bila sukari. Watu wakaja, wameshika samaki wao kwenye magazeti, wakaniambia maneno ambayo nilikuwa nayakataa tangu nikiwa na meno yote. Nililia mpaka nikaona haya. Nilikuwa sijui kwamba amekufa. Nilikuwa nimemweka hai kwa hasira, na leo amekufa mwanangu Wissa, mbele ya watu wote, na kahawa.

Azer alikaa kiti cha mwisho. Bakhum alikaa kando yangu, akitazama mikono yake.

Abuna akasimama, akaanza Baba Yetu. Kifungu kile kilipokaribia, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye paja la Bakhum, mazoea ya miaka. Aliustukia. Nikaulaza tu, kiganja wazi.

"Kama tunavyowasamehe," akasema, sauti imekauka. Akaishia hapo.

Yaliyobaki nikamsemea mimi.